Sauti ya Mama na Mbuzi wa Faini

Watu wa kijijini kwetu watakuambia kwamba mama yangu aliponywa koo na mbuzi. Wanayasema haya mbele yangu, huku wakinitazama usoni waone kama nitakasirika. Nakasirika. Nimejaribu kuwa mtu wa kucheka na kupita, nimeshindwa. Mbuzi huyo akitajwa, mimi huanza kupanga maneno kichwani kama mtu anayesubiri kuitwa kizimbani. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto. Nikifagia ua narudia, nikifunga mlango narudi kuutikisa. Haya ninayoyaandika nimeyafuta na kuyaandika upya mpaka karatasi ikatoboka, kwa sababu naogopa nikikosea hata kidogo watasema, "Mnaona? Hata yeye hajui."

Mama alikuwa hodari wa kuamia ndege. Si kazi ya mshahara. Huku Tana, mpunga ukianza kutia maziwa, kila mwenye shamba hupanda dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, akashinda huko tangu alfajiri mpaka jua lizame akiwafukuza ndege. Kwelea, wale ndege wadogo wa makundi, huja kama moshi. Ukisinzia kidogo, unachokuta ni makapi. Wengine hutegemea kombeo, wengine hufunga mikebe kwenye kamba wakaivuta. Mama alitegemea koo. Ukelele wake ulianzia chini, ukapanda, ukakatika ghafla kama fimbo inayovunjika, na ndege walinyanyuka shamba zima kwa pamoja. Wafugaji wa Kiorma walioleta ng'ombe kunywa ng'ambo ya mto walikuwa wakimtania: "Mama, punguza! Ng'ombe wetu wanakuogopa wewe kuliko simba." Naye aliwajibu kutoka huko huko juu, bila kushuka, na wao wakasikia kila neno.

Kila baada ya mavuno sauti ilimkauka, kisha ikarudi. Mwaka mmoja haikurudi. Tulingoja mpunga ukaushwe, ukapurwa, ukaingia ghalani, mama bado anaongea kama mlango unaokwaruza sakafu. Msimu uliofuata alipanda dungu hivyo hivyo, akapiga kelele kwa koo bovu. Mwisho wake neno moja lilikuwa likitoka na sauti mbili, nene na nyembamba, kisha ikabaki pumzi tupu. Alisema kuna kitu humu, kama punje iliyokwama, na kila akimeza hakishuki. Majirani walicheka. "Umekula mchanga, mama? Au umemeza kwelea mwenyewe?"

Kwetu ugonjwa wa koo una jina moja: kimio. Mtoto akikohoa, kimio. Akikataa kunyonya, kimio. Mtu mzima akikwaruza, kimio kimeshuka, kikatwe. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ambacho Mungu alikiweka pale kwa sababu yake, kwetu huonekana kama adui aliyejificha nyumbani. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alisema aitwe mkataji.

Nilisema hapana. Nilikuwa msichana mkubwa kiasi cha kuozwa, na nilikuwa najua kusoma, jambo lililowaudhi wengi. Sikwenda shule. Nilijifunza herufi kwa vipande vya gazeti ambavyo wenye maduka wa Garsen walifungia sukari na majani ya chai, nikiuliza kila mpita njia mpaka wakanikimbia. Baadaye niliokota kijitabu cha afya kilichokosa jalada, nikakisoma mpaka nikakijua kwa moyo. Humo niliona picha ya koo lililopasuliwa katikati, na niliona wazi kwamba kimio kiko juu, na mahali sauti inapotoka ni chini, mbali, kwenye bomba la pumzi. Nikamwambia mjomba.

"Umesomea wapi?" akaniuliza.

"Nimejifunza."

"Kwa nani?"

"Kwa karatasi za sukari."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Jamani, njooni msikie! Mpwa wangu amepata udaktari kwenye karatasi za sukari! Sasa tukinunua chumvi si atakuwa kadhi?"

Mkataji alikuja na kijisu kilichopinda kama mundu wa mtoto na kijiti chenye panda. Mama alikalishwa juu ya kinu kilichopinduliwa, kichwa kimeshikwa na wanaume wawili. Sitaeleza yote. Nilisikia mlio mmoja, kisha nikaona damu kwenye kidevu cha mama, na yule mtu ameshika kinyama kidogo juu ya jani, anakionyesha watu. "Mgeni wenu huyu hapa," akasema. Watu wakasema alhamdulillahi na wengine wakasema asante Mungu, kila mtu kwa dini yake, wakaenda kula.

Mama hakula. Kidonda kilipopoa, kila akinywa maji yalimtokea puani. Sauti ilikuwa vile vile, mbovu. Mkataji alipoitwa tena hakuona haya hata kidogo. "Kimio chake kilikuwa na ndugu," akasema. "Huyo amejificha. Nitamfuata." Akatoa tena kile kijisu.

"Basi," akasema baba.

Lazima nimweleze baba, maana kila kitu kinamhusu. Baba yangu ni mchonga mitumbwi. Anaweza kushinda na gogo moja kutoka asubuhi mpaka jioni bila kusema neno, na akirudi nyumbani anakaa, anakunywa maji, anamtazama mama akisimulia, anatabasamu. Ndani ya nyumba yetu mama alikuwa sauti na baba alikuwa sikio. Sikumsikia hata siku moja akimfokea. Watu hawampendi sana mtu mkimya. Hudhani anaficha kitu.

Aliacha mtumbwi nusu, tukapanda lori Garsen, yeye, mama na mimi. Wakati ule wa Hali ya Hatari askari walitusimamisha njiani mara kwa mara kuuliza tunakwenda wapi, na kila mara baba alinyoosha kidole kwenye koo la mama. Mombasa tulingoja kwenye benchi la hospitali mpaka nikazijua nyufa zote za sakafu. Nilikuwa nikirudia moyoni maneno nitakayomwambia daktari, kwa mpango, bila kusahau. Alipotuita nilisahau yote.

Daktari alikuwa Mhindi mnene wa mikono laini, na dresa, msaidizi wake wa kufunga vidonda, aliyekuwa akitafsiri, alitoka Malindi. Daktari alivaa kioo cha duara kwenye paji la uso. Akachukua kioo kingine kidogo chenye mpini mrefu, akakipitisha juu ya moto wa spiriti, akakigusisha kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Nikauliza kwa nini. Dresa akaniambia kikiwa baridi kitapata ukungu wa pumzi, na kikiwa moto sana kitamuunguza mama. Daktari akaushika ulimi wa mama kwa kitambaa, akauvuta, akamwambia aseme "iii". Mama akajaribu. Daktari akatazama, akatazama tena, kisha akapatazama pale kilipokatwa kimio, akanung'unika kwa lugha yake.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema nani amemkata bure," dresa akajibu.

Wakati huo nilitaka kupaa mpaka kwetu nikamtemee mjomba neno hilo usoni. Bure!

Daktari alichora. Nyuzi mbili kama herufi V, humo ndimo sauti inamotengenezwa: mtu akisema, hukutana na kutetemeka. Mtu akipiga kelele siku nzima, hugongana. Akasema ni kama mkono kwenye mpini wa jembe: kwanza lengelenge, na asiyepumzika hupata sugu. Kwa mama lile lengelenge liliendelea kukua, likawa kijinyama chenye kikonyo, kimekaa kati ya nyuzi na kuzizuia zisikutane.

Nikauliza kama kitamuua. Nikauliza tena. Nilipouliza mara ya tatu, dresa alichoka, lakini daktari hakuchoka. Alisema, na dresa akatafsiri polepole: "Kuna uvimbe unaokula na uvimbe unaokaa. Huu naona ni wa kukaa. Hauendi mwilini kwingine, hauli. Lakini hata mgeni mwema akilala mlangoni, watu hawapiti. Ukikua, utabana pumzi. Tuutoe, kisha tuutazame kwa hadubini, tuwe na hakika."

Walimlaza kwa dawa ya usingizi, wakapitisha bomba la chuma kinywani, wakakiondoa kile kijinyama kwa koleo refu. Hakuna alama nje ya shingo. Ila lile bomba lilimchubua mdomo wa juu, ukavimba na kuwa wa zambarau, na jino moja la mbele likalegea. Daktari alitutaka radhi, akasema hutokea. Wala hatukujali. Majibu ya hadubini yalipokuja kwamba ni uvimbe wa kukaa, kama alivyodhani, baba aligeuka akatazama ukutani kwa muda mrefu.

Kisha daktari akatupa amri. Mama asiseme. Asiseme hata neno, mpaka mwezi huu ufe na mwingine uandame. Asikohoe kwa kusafisha koo. Na asinong'one. Hilo alilikazia. Watu hudhani kunong'ona ni kupumzisha sauti, kumbe kunazikaza nyuzi na kuzichosha zaidi. Kidonda kibichi kikikwaruzwa kitafanya kovu, na kovu halitetemeki. Akipona atasema kwa sauti ya chini, na kupiga kelele shambani asahau kabisa.

"Umesikia?" baba akamuuliza mama.

Mama akafungua kinywa kujibu, dresa akapiga makofi kama mtu anayefukuza paka. Sote tukacheka, hata mama, bila mlio.

Tulirudi nyumbani na furaha. Nalikumbuka hilo kwa uchungu.

Watu wa nje lazima waelewe jambo moja. Kwetu mwanamke anayenyamaza ana kesi. Mke akikosewa na mumewe hapigi mayowe; anasusa. Anapika, anateka maji, anafagia, lakini hasemi. Hiyo ni barua yake kwa ndugu zake, na ndugu wakisikia dada yao hasemi, ni aibu kwao kutokuja. Tena aliyesusa hasemewi. Wanataka wasikie kwa kinywa chake mwenyewe, ama shtaka, ama msamaha.

Mjomba alikuja kutoka kijijini kwake, Hewani, kumjulia hali. Akabisha hodi. Mama akatoka, akampa mkono, akatabasamu na ule mdomo wa zambarau. Mjomba akamsalimu. Kimya. Akamsalimu tena. Mama akaonyesha koo, akaninyooshea kidole mimi nieleze.

"Mjomba, ameamriwa na daktari asi..."

"Sikukuuliza wewe." Alikuwa anautazama mdomo. Akasogea, akaona jino. Nikaona uso wake ukibadilika, na nikajua anachofikiri kabla hajakifikiri. "Mumeo yuko wapi?" akamuuliza mama.

Kesho yake wazee walikaa uani kwetu.

Usiku ule nilikuwa nimejiandaa kama mtu wa mtihani. Nilipanga maneno, nikayasema gizani, nikabadilisha neno moja, nikaanza upya. Niliamini, na huu ndio ujinga wangu mkubwa, kwamba nikieleza vizuri kabisa, bila kosa, lazima wataelewa. Nilichukua kijiti nikachora mchangani mbele yao: hiki kinywa, hiki kimio, hapa njia ya chakula, hapa bomba la pumzi, hizi nyuzi mbili. Nilieleza lengelenge na sugu. Nilieleza bomba la chuma lililomchubua mdomo.

Mzee aliyeongoza kikao alinisikiliza mpaka mwisho, lazima nikiri, tena kwa adabu. Kisha mwenzake akainama kuutazama mchoro. "Hili si koo la kuku?" akasema. Wakacheka wote. "Nami naona firigisi hapa!" Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kicheko.

"Hospitali inatibu koo," mjomba akasema, "mdomo unavimba. Siku nikiumwa tumbo watanivunja mguu. Shemeji, sema kweli. Dada yangu alikuwa akiita mtu, vijiji vya Wema na Hewani vinasikia. Umemchukua mzima, umemrudisha bubu, na jino linacheza. Ulimfanya nini huko mbali tusikokuona?"

"Sikumfanya kitu," baba akasema.

"Basi ni rahisi," mzee akasema. "Mama, tuambie neno moja. Useme, sikupigwa. Tutanyanyuka sasa hivi, na huyu kaka yako ataomba radhi."

Mama akatikisa kichwa kwa nguvu: hapana, sikupigwa.

"Kichwa si neno, mwanangu. Kichwa cha aliyetishwa hutikisika apendavyo aliyemtisha."

"Haruhusiwi kusema!" nikapiga kelele. "Akisema sasa sauti itaharibika daima!"

"Basi anong'one."

"Kunong'ona ni kubaya zaidi."

"Ala!" akasema yule wa firigisi. "Hata kunong'ona? Na kupumua je, kumeruhusiwa?"

Nilisema niandike, mama ataweka alama ya kidole. Wakanitazama kwa huruma. Nani ataisoma hiyo karatasi? Mimi. Na mimi ni binti wa nani? Wa mshtakiwa. Wakamtoa baba, wakampeleka nyuma ya ghala, ili mama asimwogope. Mama akakaa katikati yao, mikono mapajani, machozi yanamtiririka kwa hasira. Nilimjua, ilikuwa hasira. Wao waliona machozi. Mjomba naye akaanza kulia. Hilo ndilo linanisumbua mpaka leo: hakuwa mtu mbaya, alimpenda dada yake. Alipiga magoti mbele yake. "Dada yangu, sema. Neno moja tu. Nitakuchukua leo hii, utarudi kwetu, hutamwona tena."

Yaani mama akinyamaza anachukuliwa, na akisema anapoteza sauti.

Nilimwona anavuta pumzi. Nilijua ile pumzi, nimeiona tangu utoto chini ya dungu: mabega yanapanda, kidevu kinanyanyuka. Midomo ikaachana.

"Nilimpiga."

Baba alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala. Sijui alitazama kwa muda gani. "Nilimpiga," akasema tena, kwa sauti ile ile anayoombea maji ya kunywa. "Mombasa. Nilikuwa na hasira ya gharama. Binti yetu anaficha aibu yangu. Mwacheni mama yake asiseme. Nitozeni."

Mama akafumba mdomo. Sijawahi kuona uso kama ule.

Nilitaka kusema ni uongo. Baba alinitazama, na mimi, ambaye siwezi kuacha mlango bila kuutikisa, niliuacha huo. Maana nilielewa. Mtu akikiri, kesi imekwisha. Hakuna anayehitaji neno la mke ila msamaha. Na kwa msamaha, bibi yangu mzaa baba, Mgiriama aliyeolewa mtoni, aliyekuwa amekaa kimya mlangoni muda wote, alisimama akaleta maji kwenye kata. Akasema kwao mwenye kinyongo huchukua maji kinywani akayapuliza chini, moyo ukapoa. Yeye atayasema maneno, mkwewe atapuliza. Wazee wakanong'onezana, wakakubali. Mama alipuliza maji, nusu yakamtoka puani, na hakuna aliyekumbuka kwa nini.

Baba alitozwa mbuzi. Mbuzi akachinjwa pale pale, wakala, mjomba akampa baba mkono. "Hasira ni hasara, shemeji," akamshauri. Baba akasema ndiyo.

Mwezi ukaandama. Mama alianza kusema kama alivyoamriwa, kidogo kidogo. Sauti ilitoka nzito, ya chini, si ile ya dungu, lakini safi, bila kukwaruza, neno moja na sauti moja. Neno la kwanza alimwambia baba, na sikuwapo, na sijauliza. Lakini siku hiyo hiyo alijifunga leso akatoka. Alikwenda nyumba kwa nyumba. "Hakunipiga," akasema. "Alidanganya ili nisilazimishwe kusema. Ni bomba la hospitali." Wanawake walimshika mikono. "Mke mwema wewe. Mke mwema humsitiri mumewe." Alikwenda Hewani kwa kaka yake, nami nikamfuata. Alimweleza yote, taratibu, ukumbini kwake. Mjomba alimsikiliza huku macho yanang'aa.

"Sauti imerudi!" akamwita mkewe. "Njoo usikie! Unaona, dada? Kinyongo kilikukaba koo. Tangu tulipomtoza mbuzi, umepona. Kimio tulikata, haikufaa. Hospitali mlikwenda, mkarudi bubu. Ni mbuzi."

Hapo ndipo mbuzi alipozaliwa upya. Na ingekuwa ni fedheha ya baba tu ningeandika ukurasa mmoja wa hasira nikanyamaza. Lakini mavuno haya yaliyopita jirani yetu, mwanamke kijana aliyeamia mashamba mawili peke yake, sauti ilimkauka na haikurudi. Namsikia anavyoongea: neno moja, sauti mbili. Na watu hawakumuuliza koo. Walimuuliza mumewe, "Umemfanya nini?" Kijana wa watu akaapa, akalia, mwishowe akaenda kufungua mbuzi.

Tulikwenda kwake, mama, baba na mimi. Mama alieleza. Mimi nilichora tena mchangani, kwa uangalifu kuliko mara ya kwanza, na hakuna aliyecheka. Yule kijana alisikiliza, akakuna kichwa.

"Mama, nakuamini. Lakini Mombasa ni mbali, na mbuzi ninaye hapa. Kwa nini nisianze na mbuzi?"

Nilikuwa nafungua kinywa kumwambia neno ambalo ningelijutia. Baba akanitangulia. Yeye, ambaye husema mara moja kwa msimu.

"Mlete mbuzi," akasema. "Mlete na mkeo. Nitawapeleka Garsen kwa mtumbwi wangu. Garsen mbuzi anauzika, na fedha yake ndiyo nauli ya lori. Ukikaa naye hapa, wazee watamla mbuzi, na mkeo hatapona. Mimi walinilia."

Kijana alimtazama sana. "Kwa hiyo hukumpiga?"

"Sikumpiga."

Waliondoka asubuhi: baba nyuma na kasia, kijana katikati akimshikilia mbuzi, mkewe mbele amejifunika leso. Watu walikuja ukingoni kama wanavyokuja kwa kila kitu. Mtumbwi ulipofika katikati ya maji, mwanamume mmoja akaweka mikono mdomoni akaita, "Tazameni, wapigaji wawili wanasafiri pamoja! Mbuzi, angalia wasikupige na wewe!" Ukingo mzima ukacheka. Baba hakugeuza kichwa.

Mama alikuwa kando yangu. Nikaona mabega yake yakipanda na kidevu kikinyanyuka. Zamani ukelele wake ungevuka maji yale, ungemfikia baba, ungewanyamazisha wote. Nilimshika mkono, nikaubana. Alibaki hivyo, pumzi imejaa kifuani, mpaka mtumbwi ukapotea kwenye kona. Kisha akaishusha taratibu, akamgeukia yule mwanamume, akamwendea karibu kabisa, maana kwa sauti aliyo nayo sasa lazima asimame karibu na mtu, na akaanza tena: "Hakunipiga."

Yule mwanamume akatikisa kichwa kwa upole. "Mke mwema," akasema.

Mama akasogea hatua nyingine. "Sikiliza," akasema. "Nitarudia."